Mkono wa Mkalimani

Jua lilikuwa linatua Idarusi alipopita Ngamiani kununua mafuta ya taa. Alikuwa mkalimani wa korti, suruali yake imenyooshwa pasi, maringo yake yanamtangulia. Kitabu cha Kizungu hakikumpita hivi hivi.

Uchochoroni, mwanamke aliyejitanda kaniki alikuwa ametandika mkeka. Juu yake kitu kimoja tu: kitabu kikuukuu cha misingi ya sheria ya Kiingereza.

"Chukua bure," alinong'ona. "Ila nisomee hapo palipokunjwa. Unifasirie."

Idarusi hakumpa hata shikamoo. Akafungua huku akicheka, akasoma... kicheko kikamkauka.

Waingereza wa kale, kilisema kitabu, walimshikisha mshtakiwa chuma cha moto. Mkono ukafungwa kitambaa siku tatu. Ukipona, hana hatia. Ukioza...

Kumbe! Kiapo cha shoka la moto, kile kile cha kwao Udigoni!

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mwaka juzi Mwanakhamis wa mtaa wa Nguvumali, aliyeshtakiwa kumwua mtoto wa jirani kwa uchawi, aliomba kizimbani kwa Kidigo apewe shoka la moto, mkono wake umtolee ushahidi. Idarusi akaona haya mbele ya hakimu wa Kizungu. Si atatuona washenzi! Akafasiri: "Hana la kusema."

Mama wa watu alifia jela. Bintiye Asmahani akabaki kuitwa mtoto wa mchawi.

Harufu... Nyama inaungua.

"Mbona umenyamaza, mwanangu? Fasiri."

Sauti ile aliijua.

"Mwana... Mwanakhamis?"

Mwanamke akanyoosha kiganja. Laini, hakina hata kovu.

"Changu hiki. Chako ki wapi?"

Kitabu kikamchoma! Idarusi akapiga ukelele, akakitupa. Alipoinua macho hapakuwa na mkeka, wala kitabu, wala mtu. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimebabuka.

Mafuta ya taa hakuyakumbuka tena. Alikwenda moja kwa moja Nguvumali, akamkuta Asmahani barazani na majirani wanatoka kuswali magharibi.

"Wazee wangu, shikamooni. Mwanakhamis aliomba kiapo, mimi nikalificha ombi lake. Niliona haya kwa Mzungu. Mwenye kosa ni mimi." Akawanyooshea kiganja kilichobabuka.

Hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana. Walimtazama tu, mmoja mmoja, naye akatamani ardhi immeze.

Asmahani alichana upindo wa leso yake, akamfunga mkono, akakaza fundo.

"Usiufungue mwenyewe, kaka Idarusi. Siku ya tatu tutaufungua sisi."

"Lakini kweli nimeshaisema!"

"Umeisema. Kama imetosha, mkono utasema."

Siku ya kwanza ilipita salama, Idarusi akaanza kupumua.

Siku ya pili, katikati ya kesi, hakimu alimgeukia Idarusi, akakunja pua, akaagiza madirisha yafunguliwe.