Kifua Kilichotangazwa Tupu

Doa lilikuwa dogo kama punje ya mchele, na lilikaa mahali ambapo doa halikuwa na ruhusa ya kukaa.

Bi Hesabu alisugua kioo cha kompyuta kwa upindo wa nguo yake. Halikufutika. "Kelele," akaita, "hebu njoo uone kitu."

Kelele alikuwa fundi wa eksirei, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Wawili hao walifanya kazi chumba kimoja kisicho na dirisha, chini kabisa ya hospitali. Kelele alileta picha za mapafu ya wagonjwa. Bi Hesabu, mwanahesabu, alizipitisha kwenye kanuni yake. Wala usidhani ni uchawi. Picha ni nukta tupu, kila nukta inawatazama majirani zake, na kutoka hapo kompyuta inakokotoa ugonjwa utakavyosambaa kesho, keshokutwa, hadi siku ya thelathini. Daktari akijua doa linaelekea wapi, analiwahi.

Sasa, kila asubuhi kanuni ilijaribiwa kwanza kwa mapafu mazima. Ikichora doa pasipo na doa, ujue imeharibika. Picha waliyoitumia ilikuwa ya binti yake Bi Hesabu, mtoto wa miaka saba, iliyopigwa siku walipodhani amemeza kifungo, kumbe kifungo kimelala zake chini ya kitanda. Kompyuta ikimaliza bila kuona kitu, Kelele hupaza sauti hadi ukumbini: "Tupu!" Ndivyo walivyofungua kazi mwaka mzima, wakicheka. Hawakuwahi kujiuliza ni nani mwingine anayesikia.

"Umekosea hesabu," Kelele alisema siku hiyo.

"Nimekagua mara tatu. Na picha ni ile ile."

"Basi isukume mbele tuone."

Aliisukuma. Siku ya tano doa liliota miguu. Siku ya kumi lilikuwa mtu aliyechutama, magoti kidevuni, mgongo kwao. Siku ya ishirini alikuwa amegeuza bega. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Feni ya kompyuta, ambayo siku zote hulia mfululizo kama nzi, ikaanza kuvuta pumzi, ikatulia, ikashusha.

Simu ikalia. Alikuwa mama yake, bibi wa mtoto. "Mwanao anakohoa tangu asubuhi," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu anasema kuna mtu amemkalia ndani."

Bi Hesabu hakungoja. Aliizima mashine papo hapo, na feni iliponyamaza tu, simuni mama yake akapiga ukelele kwamba mtoto hapumui, mtoto anageuka rangi, njoni jamani, na Bi Hesabu akakitafuta kitufe mara ya kwanza akakikosa, mara ya pili akakikosa, mara ya tatu akakibonyeza, feni ikavuta pumzi, na huko nyumbani mtoto naye akavuta yake, wakati ule ule, kwa kipimo kile kile.

"Usiiguse tena," Kelele alinong'ona. Hakuna aliyewahi kumsikia akinong'ona.

Wakaishi hivyo siku nane, mashine ikiwaka, Bi Hesabu akiilinda asiache hata mfagizi akaribie waya. Madaktari walimpima mtoto wasione kitu. Yule aliyechutama aliendelea kugeuka kidogo kidogo. Bi Hesabu alijua kwamba siku ya thelathini atawatazama usoni, na mtoto hatafika siku ya thelathini na moja.

Siku ya tisa Kelele alimleta shangazi yake, mganga wa majini, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye kwanza aliomba kiti chenye mgongo kwa kuwa kiuno chake, alisema, hakina mchezo na majini wala na ngazi. Akakaa mbele ya kioo.

"Nani alikukaribisha kwa mtoto wa watu?"

Feni ilishusha pumzi, na ndani ya pumzi mlikuwa na sauti, nyembamba, yenye subira. "Walitangaza wenyewe. Kila asubuhi. Tupu, tupu, tupu. Nami sikuwa na pa kukaa."

Kelele aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Toka," alisema shangazi.

"Nitoke niende wapi? Nipeni nyumba nyingine."

"Chukua yangu," Bi Hesabu alisema.

"Wewe mtoto, fikiri kwanza!" shangazi alimkemea.

"Nimeshafikiri, shangazi. Ni mwanangu."

Kelele alimpiga picha ya kifua, akaiingiza kwenye mashine. Ilibaki kutangaza. Alilia kama mtoto, kamasi na machozi, na neno likamtoka kwa shida: "Tupu."

Kifua cha mtoto kikawa safi. Cha mama kikawa na punje ya mchele. Simu ikalia: mtoto ameomba chakula.

"Usishangilie," shangazi alisema. "Halijatoka, limehama. Linaning'inia kati yako na mashine hii. Ukienda nyumbani utaondoka nalo. Kaa humu humu nikatafute wenzangu. Na mtoto asikivuke kizingiti hiki. Lilimpenda yeye kwanza."

Basi akakaa. Godoro likaletwa. Mkubwa wa hospitali alipita mlangoni akamsifu mbele ya watu: huyu ndiye mfanyakazi, hata nyumbani haendi! Wenzake shangazi hawakuonekana. Jioni jioni bibi alimleta mtoto, wakazungumza, mtoto nje, mama ndani, mlango ukiwa kati yao.

"Mama, unarudi lini?"

"Nikimaliza kazi, mwanangu. Rudi na bibi."

Siku ya thelathini tangu lihamie kwake, saa kumi na moja jioni, aliyechutama kwenye picha ya kifua chake alimaliza kugeuka. Bi Hesabu aliiona sura yake mwenyewe ikimtazama, na ilikuwa inatabasamu.

Mlango ukagongwa, polepole, chini, usawa wa kitasa.

"Mama, ni mimi. Bibi amesinzia kwenye benchi. Niingie?"

Alitaka kupiga kelele, usiingie, kimbia mwanangu, kamwamshe bibi, mkimbie wote wawili msirudi hapa kamwe, akakusanya pumzi zote kifuani, akafungua mdomo, na sauti ikatoka, tamu, taratibu, ile ile anayombembelezea mtoto akiumwa:

"Ingia, mama. Mlango uko wazi."

Kitasa kikageuka.