Pumzi za Chiriku

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alishona vifungo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa duka. Mama alikata na kushona, Bibi alipiga pasi, naye Chiriku, msichana wa miaka kumi na tatu, alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akitia vifungo huku akizungumza bila kituo. Ndiyo maana Bibi alimpa jina la ndege huyo mwenye kelele.

Lakini siku hizi Chiriku alikuwa kimya. Asubuhi hiyo alisinzia, akajidunga sindano, akazinduka. Mama aliinua shati lililokwisha tiwa vifungo.

"Mwanangu, kifungo cha shingoni mbona kiko mfukoni? Mwenye shati ana shingo ngapi?"

Bibi alicheka hadi akaweka pasi chini. Chiriku hakucheka.

"Na ile barua, tuijibu lini?" Mama aliuliza kwa upole. "Ijumaa ndiyo mwisho."

Barua ilitoka shule ya sekondari ya bweni. Chiriku alikuwa amefaulu na kupewa nafasi, na shule ilitaka kujua kama ataichukua.

"Sitaki kwenda," alisema.

"Mwaka mzima umeniimbia bweni, bweni! Leo umeingiwa na nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. Angesemaje? Kwa miezi miwili sasa, karibu kila usiku, alizinduka ghafla kama mtu aliyekimbizwa, moyo ukimwenda mbio na jasho likimtoka, wala hakuwa ameota chochote. Alilala kitanda kimoja na Bibi, na mkono wa Bibi ndio uliompapasa mgongo hadi akatulia. Bwenini angepapaswa na nani? Wenzake wangeamshwa na vishindo vyake, na kulipokucha angekuwa kichekesho chao.

Shuleni alilala juu ya daftari. Rafiki yake wa dawati moja alimsukuma kwa kiwiko.

"Wewe, umekuwa popo siku hizi? Unakesha usiku, unalala mchana!"

Chiriku alitaka kukasirika, lakini machozi yakatangulia. Akamsimulia yote.

"Umemwambia mama yako?"

"Atasema naogopa bweni. Labda ni kweli mimi ni mwoga tu."

"Dada yangu alikuwa akiamka hivyohivyo," rafiki yake alinong'ona. "Tulimcheka mpaka tukachoka. Kumbe ana pumu. Alipopewa dawa, akalala. Mwambie mama yako leo, la sivyo nitakuja kumwambia mimi, na unanijua mdomo wangu!"

Jioni Chiriku alisema. Mama hakumcheka wala hakumkaripia. Alifunika cherehani yake mapema kuliko kawaida, akasema, "Kesho tunakwenda zahanati, sote watatu."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini asiyekuwa na haraka. Alisikiliza kifua cha Chiriku, akamgusa shingo, akampima damu. Aliuliza kama anakula na kulala papo hapo, kama anakunywa chai nzito usiku, kama kichwa humuuma asubuhi.

"Kichwa kinauma," Chiriku alijibu, "na koo linakauka."

"Nani analala naye?"

"Mimi," Bibi alisema.

"Analalaje?"

"Kama malaika."

"Malaika huyo anakoroma?"

Bibi alianza kuurekebisha mtandio wake ambao haukuwa na kasoro yoyote. Alimtazama mjukuu wake, akatazama sakafu.

"Anakoroma kama mashine ya unga," alisema hatimaye. "Halafu ananyamaza ghafla. Hapo ndipo ninapoanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu... Juzi nilifika kumi na tano, ndipo akashtuka na kuvuta pumzi. Siku hizi namgeuza ubavu, nakaa macho namlinda."

"Bibi!" Chiriku alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuogopea aibu, mke mwenzangu. Msichana akijulikana kwa kukoroma, jina halimbanduki. Nikasema hili litakufa nami."

Daktari hakumlaumu. Alimwambia Chiriku afungue kinywa, akammulika kwa tochi. Mafindofindo yake mawili ya kooni yalikuwa yamevimba, yakikaribia kugusana.

"Njoo uone, mama," alimwita Mama. "Mtoto akilala, koo hulegea, na njia hii nyembamba inaziba. Mwili unakosa hewa, unapiga mbiu, moyo unakwenda mbio, naye anaamka na hofu asiyojua imetoka wapi. Bibi ametusaidia sana kwa kuhesabu kwake."

"Kwa hiyo si woga?" Chiriku aliuliza.

"Si woga. Wengine huamshwa hivyo na pumu, wengine na tindikali inayopanda kutoka tumboni, wengine na sukari iliyoshuka. Wapo pia wanaoamshwa na wasiwasi wenyewe, nao wanastahili kutibiwa, si kuchekwa. Ndiyo sababu tunauliza na kupima kabla ya kusema."

Aliwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko Chiriku alilazwa usiku mmoja akiwa na kifaa kidogo kidoleni cha kupima hewa mwilini, na ikathibitika kwamba mafindofindo ndiyo yanayomziba pumzi, hivyo yaondolewe kwa upasuaji. Ijumaa, kabla hata ya tarehe ya upasuaji huo kupangwa, Mama aliiandikia shule kwamba binti yake atakuja. Wakati wa likizo yale mafindofindo yaliondolewa. Koo lilimuuma siku kadhaa, kisha likapona. Wiki kadhaa baadaye, Chiriku alilala usiku mzima bila kushtuka hata mara moja.

Asubuhi moja, sanduku lake la bweni likiwa limeshafungwa, alimkuta Bibi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu.

"Bibi, hukulala?"

"Sasa ni mimi ninayeamka! Nimezoea kuhesabu. Nasubiri unyamaze, nawe unapumua tu, unapumua tu." Bibi alicheka kidogo, kisha akamshika mkono. "Nisikilize, mjukuu wangu. Nilidhani nakufichia aibu, kumbe nilikuwa nakufichia ugonjwa. Huko uendako, mwili ukikusumbua, sema mapema. Na mwenzako akisumbuliwa, usimcheke na usimfichie. Ampendaye mtu humpeleka akatibiwe."

"Nimesikia, Bibi," alisema Chiriku. "Basi sasa lala. Leo nitahesabu mimi."

Akakaa kitandani, akaanza kumpapasa mgongo.