Kiraka cha Mashine Namba Nne

Kwanza ilikuwa harufu tu ya loshoro. Saa kumi jioni, mvua ikigonga bati, harufu hiyo ya ndizi na maziwa ya mgando ilijaa ndani ya intaneti kafe ya Mama Hedwiga pale Kijenge, na hakuna aliyekuwa anakula.

Elisaria, fundi aliyeacha shule kidato cha pili akajipachika jina la Daktari, hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi. Leo alikuwa ameitwa na Mama Hedwiga. Akacheka. "Nani anakula kwa siri? Atupe na sisi."

Mashine namba nne ikajiwasha. Ndiyo aliyoizoea Anande, binti wa Mama Hedwiga, kabla ajali haijamchukua njia ya Nairobi, mbele ya Ngaramtoni, wiki sita zilizopita. Vitufe vikabonyea vyenyewe, kimoja kimoja.

ELISARIA UMELETA KIRAKA

Daktari akaushika mfuko wa suruali.

Mwaka ule wa 2003 mdudu alikuwa ameingia kwenye kompyuta za mji mzima: zinahesabu sekunde sitini, zinajizima. Dawa ilikuwa kiraka, programu ndogo ya kuziba tundu la mfumo. "Kesho nakuletea, mrembo," Elisaria alimwambia Anande. "Mimi ndiye mimi." Kesho zikawa kumi na moja. Msichana akachoka, akapanda basi la Nairobi akaifuate sidii yenye kiraka mwenyewe, bila kumwambia mama yake anafuata nini.

"Mama, hili ni jini," Elisaria alinong'ona. Sidii alikuwa nayo mfukoni. Aliipata siku tatu baada ya mazishi. "Niache nilitoe."

"Ni mwanangu." Mama Hedwiga aliweka bakuli la loshoro kando ya kibodi, kama alivyomwekea siku zote. "Kila siku anakuuliza hivyo. Kiraka gani, baba?"

"Sijui, mama."

Hapo vitufe vikaanza tena, safari hii kwa kasi, na mashine zote nane zikawaka zikihesabu kurudi nyuma kutoka sitini, na harufu ikawa nzito, na mama akabandika kiganja kwenye kioo kama anayempima mtoto homa, huku Elisaria akisukuma sidii ndani ya mashine namba nne na kuomba kwa maneno ambayo hakuwa ameyagusa tangu kipaimara, mpaka maandishi yakakatikia njiani.

MAMA NILIFUATA KI

Hesabu ikasimama. Harufu ikatoweka.

"Alifuata nini?"

"Sijui, mama."

Mashine namba nne haizimi tena. Wala haiandiki. Saa kumi Mama Hedwiga huja na bakuli lake, akakaa mbele ya kioo hadi loshoro ipoe.

"Umeitengeneza vizuri, baba," alimwambia siku moja. "Vizuri mno."

Elisaria akafungua mdomo amweleze. Maziwa ya mgando yakamjaa ulimini, na masikioni mwake kitu kikaanza kuhesabu kutoka sitini. Kilipofika moja, akaufunga mdomo.

Kesho, alijiambia. Kesho nitamwambia.