Kitanda Kipana cha Mnarani

Siku za kukaribia Idi, duka la vitambaa la Bi Janki mjini Malindi halina pa kukanyaga. Wanawake huvuta leso huku na huku, udi na jasho vimechanganyika, na feni huzunguka kama inayolazimishwa. Damaris alikuwa juu ya ngazi, kavaa dera la rangi ya embe bivu, akishusha gora la hariri, aliposikia sauti chini yake.

"Samahani, dada. Mna marekani nzito?"

Gora likamponyoka, likajikunjua mpaka miguuni pa mteja.

Alikuwa Lewa, mumewe, ambaye hakumwona tangu yeye Damaris alipofunga nguo zake na kumwachia chumba. Shati lake la samawati lilikuwa limepauka kwa chumvi. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani.

"Dama! Wafanya kazi hapa? Mimi najua uko kwa mama yako."

"Mama halishi mtu anayekaa bure."

"Umenawiri."

"Na wewe umekonda. Nani akupikia?"

"Sufuria."

Bi Janki, mwenye duka, akachungulia juu ya miwani yake. "Damaris, huyu mteja akutazama kama kipande cha mwisho kwenye gora. Mkatie upesi, atatulilia hapa."

Wanawake wakaangua kicheko. Damaris hakucheka.

"Mita ngapi?"

"Nne."

"Za nini?"

"Za kitanda."

Kitambaa hicho alikijua. Kwenye boti hufungwa ubavuni mwa kitanda, boti ikiinama, aliyelala asimwagike sakafuni. Kitanda cha nchi kavu chakihitajia nini?

"Kumbe waondoka tena na Nahodha."

"Nicholas ataka jibu Jumamosi. Lakini Dama, sikiliza..."

Damaris akaikata marekani, akamsukumia.

"Haya, mama," Damaris akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma yake, "wewe wataka ipi?"

Walikuwa wameoana haraka haraka, kwa sababu Nahodha Nicholas alitaka mpishi na baharia walio mke na mume. Boti yake ya matanga ilikuwa na chumba kimoja cha wafanyakazi, na kitanda kimoja, chembamba kama ubao wa kupigia pasi. Fungate yao ikawa bahari: Komoro, Madagaska, Shelisheli, na maji mengi yasiyo na jina katikati.

Boti haiachwi ijiendee. Mmoja akilala, mwingine yuko juu, zamuni. Kwa hiyo kitanda kile hawakukilalia pamoja hata mara moja. Lewa alimwamsha na chai ya tangawizi. "Zamu yako, mpenzi." Damaris akitoka, Lewa huingia, na Damaris humwambia: "Lala, nimeshika." Hivyo ndivyo alivyojifunza kumpenda mumewe: kwa joto aliloliacha kwenye godoro. Alilaza shavu pale, akasikia nyayo zake juu ya kichwa chake, maji yakinong'ona nyuma ya ubao, asijue tena ndoto inakomea wapi na bahari inaanzia wapi.

Nahodha alikuwa na msemo wake kila walipotia nanga. "Hatujafika bado," huwaambia. "Baharia akilala mchana kwake nyumbani, hapo ndipo safari imekwisha."

Kisha wakarudi. Huko Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi, shangazi yake Lewa aliwapa kitanda cha mvule, kipana cha kulala watu na jamaa zao. Damaris akatandika shuka jeupe, akatupia asumini, akasema moyoni, sasa ndiyo ndoa. Lakini kila usiku Lewa alijinyanyua taratibu, akaenda kukaa barazani. Damaris alipopapasa upande wa pili, palikuwa baridi.

"Una nini, Lewa?"

"Lala wewe, mke wangu. Lala."

Na mke aliyezoea kuusoma upendo kwa joto la godoro, angeusoma vipi ubaridi ule? Ndipo akaenda kwa mama.

Jioni ya siku ile ya dukani, Damaris alikuwa uani kwa mama yake, kakalia mbuzi, anakuna nazi, simu ikalia.

"Nilisema mita nne," akasema Lewa. "Umenikatia tano."

"Mkono uliteleza."

"Mkono wako huo? Uliokaanga samaki boti ikiwa imelalia ubavu?"

Damaris akauma mdomo asicheke. "Wataka nini?"

"Unigombeze kidogo. Nyumba imekuwa kimya."

"Basi nikuulize. Kule barazani ulikuwa wamtazama nani?"

"Nani? Daraja. Taa. Mbwa wa jirani."

"Usiku kucha?"

Kisha, kwa sauti ya mtu anayevua shati mbele ya daktari, Lewa akasema, "Dama, tungelala sote wawili, nani angelinda?"

Damaris akaacha kukuna.

"Lewa. Ile ni nyumba. Haiendi popote."

"Mimi najua. Mwili ndio haujaambiwa. Nikifumba macho nasikia ukuta unasogea. Nikitoka nje nikakaa, najua wewe umelala salama, roho inatulia."

"Mbona hukusema?"

"Mwanamume mzima niseme naogopa nyumba isigonge mwamba? Ungenicheka."

"Ningekucheka sana," akasema Damaris, na machozi yakadondokea nazi. "Kisha ningekushikia zamu."

Jumamosi, jua la utosini, akabisha hodi Mnarani. Chumbani vikombe vyote vilikuwa vimetundikwa kwenye misumari, na sufuria zimefungwa kamba rafuni.

"Hizi zimefanya kosa gani?"

"Usizicheke. Zimezoea."

Ndipo akakiona kitanda. Lewa alikuwa ameishona marekani pande zote mbili, akaivuta juu kwa kamba hadi kwenye nguzo, kitanda cha mvule kikabaki na nafasi ndogo katikati, kama kiganja kilichokunjwa.

"Kilikuwa kipana mno," akasema, akitazama vidole vyake. "Ukigeuka, nakupoteza. Nikakipunguza. Tutabanana."

"Kwa hiyo si cha boti?"

"Boti ina chake."

Damaris akamtazama yale macho mekundu. Akavuta kiti, akakiweka mlangoni, akaketi akielekea nje.

"Lala. Nimeshika."

Lewa akasimama pale kama mtoto aliyeruhusiwa kitu asichokiamini. Kisha akampa simu yake. "Nicholas akipiga, mwambie nimelala."

"Basi?"

"Basi. Ataelewa."

Hakumaliza hata kujifunika. Damaris alisikia pumzi yake ikishuka, ikizama, ikitulia. Upepo ukapuliza pazia likajaa, likapwaya. Simu ikatetemeka.

"Lewa?" Ilikuwa sauti ya Nahodha. "Nangoja jibu langu, bwana."

"Shikamoo, Nahodha. Ni Damaris. Amelala."

"Marahaba. Amelala? Mchana huu?"

"Ndiyo. Kasema nikwambie hivyo."

Nahodha akacheka polepole. "Ahaa. Basi kafika. Msalimie akiamka, mwanangu. Nitatafuta mwingine."

Damaris akaiweka simu sakafuni. Akaitazama barabara, mbwa wa jirani, daraja likimeremeta kwa mbali. Hakuna kilichosogea. Akavua viatu, akakiacha kiti kitupu mlangoni, akajipenyeza ndani ya marekani.

Upande wa pili palikuwa na joto, na mwenye joto alikuwapo. Wakalala wote wawili, na zamuni hapakuwa na mtu.