Barua Ambayo Mwatima Hakuiandika

Mwizi aliyemwibia Bi Mwatima mara ya pili hakuvunja mlango wala kushika silaha. Aliiba saini.

Bi Mwatima mwenyewe ndiye aliyeleta habari kituoni, asubuhi moja ya Machi mwaka 2006, na hakuileta kwa upole. Aliitupa barua mezani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya glavu ya sufu, vidole vitatu havikunjiki.

"Nisomee," alimwambia Inspekta Narinder Kaur. "Na usinisomee kwa huruma. Nisomee ilivyo."

Narinder alikuwa binti wa Kalasinga wa Nakuru, na miaka ishirini ya upolisi wa Birmingham, Uingereza, haikumtoa Kiswahili kinywani. Alisoma. Mamlaka ya serikali inayowafidia watu waliojeruhiwa na wahalifu ilikuwa imemkatalia maombi. Sababu: mwombaji aliondoa malalamiko yake na akagoma kushirikiana na polisi. Kupinga uamuzi, siku tisini. Zilibaki tisa.

"Uliondoa malalamiko, Bi Mwatima?"

"Niondoe kwa lipi? Nimevunjwa mkono kwa nondo pale kituo cha basi Washwood Heath, nimenyang'anywa mkoba, kazi yangu ya kupaka hina maharusi imekufa. Halafu niseme basi yaishe?"

"Wanasema uliandika."

"Wanioneshe! Pesa zao wakitaka wazile. Lakini hawatoniita mwongo."

Faili lilitolewa stoo. Mpelelezi aliyelishughulikia alikuwa amehamishwa zamani. Ndani mlikuwa na barua ya Kiswahili iliyopigwa chapa, tafsiri ya Kiingereza imebanwa nyuma kwa pini. *Nimesamehe. Sitaki kesi.* Hakuna askari aliyejisumbua kumpigia mama huyu simu kumuuliza. Narinder aliona haya, na haya ile haikuchelewa kugeuka hasira.

Akaitazama saini. *Mwatima Azizi.*

"Azizi ni nani?"

"Mume wangu."

"Unatumia jina lake?"

Bi Mwatima alimkazia macho kama aliyetukanwa. "Mie Mwatima Makungu. Makungu ndiye baba aliyenizaa. Nimeolewa, sikuzaliwa upya."

Narinder nusura acheke. Yeye mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, alikuwa akigombana na karani wa benki aliyeshikilia kumwita kwa jina la ukoo wa mumewe, naye hujibu kwamba alizaliwa Kaur na atazikwa Kaur. Sasa aliona jambo. Mghushi huyu alijua Kiswahili, lakini mila za Unguja, kwao Bi Mwatima, hakuzijua.

Hata hivyo, mpelelezi huanzia nyumbani. Jioni hiyo alimhoji Azizi sebuleni kwao Newtown, ghorofa ya tisa. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa maneno machache.

"Wiki barua ilipoandikwa ulikuwa wapi?"

"Safarini. Glasgow."

"Ulichoshwa na kesi?"

"Nilichoka. Nani asingechoka? Lakini sikuandika."

"Saini ina jina lako."

"Ndiyo ujue si mie." Azizi aliweka kikombe chini. "Kwetu, Mwatima Azizi ni binti yangu. Nimwandike mke wangu kama mwanangu? Astaghafiru!"

Narinder aliiona hoja hiyo nzito kuliko kiapo. "Barua ina namba ya kesi. Nani mwingine alikuwa nayo?"

Mke na mume walitazamana.

"Bethuel," Bi Mwatima alisema polepole. "Ndiye aliyenijazia fomu ya fidia."

Bethuel Nyakundi, Mkenya wa Kisii, alijitolea katika ofisi ndogo ya ushauri pale mtaani. Nusu ya Waswahili wa Newtown walijaziwa fomu naye. Mtu wa kanisa, mtu wa tabasamu, hakuna aliyewahi kumsema vibaya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Maabara ilichukua siku nne kuchunguza karatasi ile. Siku ya tano, Narinder aliongozana na Bi Mwatima hadi ofisini kwa Bethuel.

"Karibuni! Mrs Azizi, mkono unaendeleaje?"

Narinder alivuta kiti. "Umemwitaje?"

"Mrs Azizi. Si ndio jina ya bwanake? Kwetu mama akishaolewa..."

"Kwenye fomu uliandika Mwatima Makungu."

"Hiyo nilicopy kwa passport."

"Na ile barua ya kuondoa kesi? Umewahi kuishika?"

"Hiyo barua sijawahi ona."

"Hata kuigusa?"

"Never."

"Ina alama za vidole, Bwana Bethuel, pale pale chini ya pini. Si za Bi Mwatima, si za mumewe, si za askari yeyote aliyelishika faili. Utanipa zako nilinganishe?"

Bethuel alivitazama vidole vyake. Tabasamu lilimtoka.

"Hulazimiki kusema chochote," Narinder alimwonya. "Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Ni mimi niliandika."

"Kwa nini?"

"Fomu iliuliza vitu viliibiwa. Mama akaniambia: mkoba wa zambarau, koni za hina dazeni moja. Huo mkoba ulikuwa jikoni kwangu! Mdogo wangu Osoro ndiye aliuleta, akasema ameokota. Bibi yangu alikuwa ashajipaka hiyo hina kwa mkono."

"Fomu ungeweza kuificha."

"Mama alikuwa ameketi hapa. Aliposti mwenyewe. Nikajua huko watauliza polisi, na faili imelala itaamka. Inspekta, mamangu alinipa Osoro kwa mkono pale airport. Akaniambia, usinirudie bila yeye. Ningefanya nini? Nikaona afadhali huyu akose fidia kuliko mimi nimpoteze mdogo wangu."

Narinder alitoka mlangoni, akaita askari kwa redio wamfuate Osoro. Aliporudi, Bethuel alikuwa amemgeukia Bi Mwatima, viganja wazi.

"Mama, nisamehe. Tukae chini, tumalizane kinyumbani. Sema tu hiyo barua ni yako."

Bi Mwatima hakupandisha sauti.

"Mamako alikukabidhi Osoro. Mie nani alinikabidhi kwako? Nilikuja kwa miguu yangu. Nikakueleza maumivu ambayo hata mume wangu sijamwambia, na wewe ukayaandika neno kwa neno, ilhali unajua nani kanivunja."

Bethuel aliinamisha kichwa, akaanza kulia.

"Lia. Lakini hatumalizani. Nitasimama mahakamani niulizwe kanipiga nani, na nitajibu, na wewe utakuwepo usikie."

Akatoa mkobani fomu ya kupinga uamuzi, akaikunjua mezani, akaikandamiza kwa ile glavu ya sufu. Kalamu aliishika kwa mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza ilikwenda upande.

Narinder alinyoosha mkono. "Nikusaidie, Bi Mwatima?"

"Niache," alisema bila kuinua macho. "Nimeshaandikiwa vya kutosha."