Bajaji ya Kuazima

Kila asubuhi nyumba ile iliamshwa na kikohozi cha bajaji. Baba alikuwa uani akiibembeleza iwake. Mara ya kwanza iliguna. Mara ya pili ilipiga chafya. Ilipowaka, iliachia wingu la moshi wa buluu lililopita dirishani bila hata kubisha hodi, likatua jikoni juu ya vikombe. Chai ikawa na ladha ya oili chakavu. Mfyuu! Nani anywe?

“Mimi sinywi,” alisema binti, akisukuma kikombe.

“Kunywa, mwanangu. Moshi haukai kwenye chai,” alisema mama bila kuinua macho kwenye cherehani yake.

“Unakaa, mama. Naunusa.”

Hapo hakuna aliyebisha. Binti huyo wa miaka kumi na miwili aliitwa Mapua na mtaa mzima. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa, la! Ni kwamba hakuna harufu iliyompita. Yeye ndiye aliyekuwa akisema maziwa yamechacha kabla hayajachacha.

Mdogo wake, aliyekuwa darasa la kwanza, hakunusa kitu, kwa kuwa pua yake ilikuwa imeziba siku zote. Mama alipompengesha kamasi, kitambaa kilitoka cheusi kama kilichosuguliwa sufuria. Kinyaa kilimpanda Mapua mpaka kooni, akageukia pembeni. Hakumwonea kinyaa mdogo wake, jamani, mtoto ana kosa gani? Alichukizwa na ule weusi uliotoka ndani ya mtoto mdogo kiasi kile.

Baba aliwapeleka shule kila siku, kwa sababu kituo chake kilikuwa hapo hapo, ukuta kwa ukuta na darasa la kwanza. Bajaji za kituo hicho zilipakwa rangi moja zote, buluu na mstari mweupe ubavuni, kwa agizo la mwenyekiti wa madereva, ili abiria wazitambue kwa mbali. Zikipanga foleni, hujui ipi ni ya nani mpaka usome kibao cha namba.

Siku hizo kituo kilikuwa kimechafuka kwa maneno. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba bajaji ya petroli isiyofaulu kipimo cha moshi haitaingia tena katikati ya mji, kwenye shule, soko na hospitali. Itakayofaulu itapewa stika ya kijani. Za umeme zitapita bila kupimwa.

Ya umeme ilikuwa moja tu pale kituoni, na iliendeshwa na mwanamke mmoja mcheshi waliyemwita Mama Betri.

“Hilo lako ni friji lenye magurudumu,” mwenyekiti alimtania. “Juzi limekuzimikia mlimani. Nani walikusukuma? Si sisi wa petroli?”

“Mlinisukuma, na asante nikawapa,” alijibu Mama Betri. “Lakini betri yangu ikizima nateseka mimi peke yangu. Injini yako ikiwaka, tunateseka mtaa mzima.”

“Na betri ikifa utaitupa wapi? Kwenye mboga za jirani?”

“Nitairudisha nilikoinunua. Wewe oili yako chafu unaimwaga wapi, mwenyekiti? Mtaro huo hapo unanuka!”

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Baba yake Mapua, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema, “Mimi sipingi hewa safi. Ila mtu hawezi kununua bajaji ya umeme kwa kuamriwa tu. Wangetupa muda.”

“Hapo shemeji umesema kweli,” alikubali Mama Betri.

Mapua aliyasikia yote hayo, akayaweka. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa amemchagua kuongoza upande unaounga mkono hoja katika mdahalo wa shule, na mada ilikuwa: “Amri ya serikali kuhusu moshi wa magari inafaa.” Mapua aliipenda mada hiyo kwa pua yake yote. Alitaka kuona kipimo chenyewe kwa macho, akamng’ang’ania baba siku ya Jumamosi. Baba alikataa, akakataa tena, akitazama chini kila anapokataa.

“Haya, panda,” alisema mwishowe. “Lakini utakayoyaona huko yabaki huko.”

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa kupimia, baba alikata kona nyuma ya ghala bovu lililokuwa karibu. Huko walikuwa madereva wa petroli wa kituo, wamechuchumaa. Katikati yao ilisimama bajaji ya mwenyekiti, mpya, haijatimiza hata nusu mwaka. Fundi alikuwa akiifungua kibao cha namba. Baba naye alichukua bisibisi, akafungua kibao chake.

“Shika hizi,” alimwambia Mapua, akimwekea skrubu mkononi. Zilikuwa zimeganda grisi nyeusi iliyovunda.

Kibao cha baba kikafungwa kwenye bajaji ya mwenyekiti. Baba akaipanda, akaenda nayo kwa mkaguzi. Mapua alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mkaguzi hakuinua hata kichwa. Alisoma namba, akachomeka kifaa chake kwenye bomba la moshi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa baba stika akaibandike mwenyewe. Baba akarudi nyuma ya ghala. Kibao kikafunguliwa, kikafungwa cha dereva mwingine, na bajaji ile ile ikarudi foleni. Hivyo hivyo mpaka kituo kizima kikapata stika. Mkaguzi aliona bajaji nyingi za buluu zenye mstari mweupe. Kumbe alikuwa akipima moja tu, inayobadilishwa nguo.

“Akili ni mali, binti!” alisema mwenyekiti, akicheka, na kwa mkono wake uliolowa oili akamfinya Mapua shavu. “Umeona jinsi wakubwa wanavyofanya mambo?”

Mapua alijifuta shavu kwa mkono wa gauni mpaka likauma. Nyumbani alinawa mikono kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akanawa kwa ndimu, lakini ile harufu ya skrubu ilikataa katakata kutoka.

“Baba,” alisema, “lakini yetu bado inatoa moshi.”

“Najua.” Baba alikuwa akibandika stika kiooni, akiilaza kwa kidole gumba. “Injini inataka kufunguliwa. Nikiisimamisha wiki mbili, tutakula nini? Abiria watahamia kwa wengine. Ukiulizwa, hukuona kitu. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Wazazi na madereva walialikwa, na baba alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mapua alizungumza vizuri. Alieleza moshi unavyoingia kifuani, akaeleza kwamba hata bajaji ya petroli ikitunzwa haiwi adui, na kwamba amri ipo ili wachafu wajisafishe. Walimu walitikisa vichwa kwa furaha.

Kisha akasimama kiongozi wa upande wa pili, mvulana mwenye kupenda kubisha hata usingizini, ndiyo maana aliitwa Wakili.

“Mimi nina swali moja tu,” alisema Wakili. “Bajaji zote hapo nje zina stika ya kijani. Tazameni dirishani! Moshi si ule ule? Sasa hiyo amri inafaa nini?”

Ukumbi wote uligeukia dirisha. Moshi ulikuwepo, wa buluu, mzito, hauna haya. Mapua alimtazama baba. Baba alikuwa akitazama viatu vyake.

“Ule si moshi wa bajaji,” alisema Mapua, na sauti yake ikatoka imara hata mwenyewe akaishangaa. “Ni wa takataka zinazochomwa nyuma ya soko. Bajaji zimepimwa zote. Mimi nilikuwepo, nikaona kwa macho yangu.”

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti wa madereva alipiga makofi kuliko wote. Mapua alitangazwa mshindi, akakabidhiwa kamusi mpya. Alivishwa kilemba cha ukoka mbele ya shule nzima, na alijua ni cha ukoka. Aliikumbatia kamusi ile kifuani. Safari hii hakuwa na mwingine wa kumwonea kinyaa. Alijionea mwenyewe.

Makofi hayajaisha, mwalimu wa darasa la kwanza aliingia mbio akiwa amembeba mtoto. Alikuwa mdogo wake Mapua. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na kila alipovuta pumzi kifua kilipiga mluzi.

“Amezidiwa! Pumzi haipandi!”

Baba alimnyakua mwanawe, akakimbia naye nje hadi kwenye bajaji yake, akamlaza kwenye kiti, akawasha. Ikaguna. Ikapiga chafya. Ikawaka, na wingu la buluu likawafunika wote wawili. Mtoto alikohoa, akajikunja, na ule mluzi ukakatika kabisa kwa kitambo.

“Si hiyo, baba!” Mapua alipiga ukelele. “Si hiyo! Itamuua!”

Mama Betri hakusubiri kuitwa. Alisogeza bajaji yake kimya kimya hadi ubavuni. “Mlete huku! Upesi!” Baba alimhamisha mtoto, Mapua akarukia nyuma, wakaondoka.

Hospitalini walimvisha mtoto kifuniko cha dawa ya mvuke puani na mdomoni. Taratibu kifua kilitulia. Daktari, mwanamke wa makamo asiye na mzaha, aliwageukia.

“Huyu mtoto anavuta moshi wapi?”

Baba aliinamia kitanda, akamfunika mtoto miguu.

“Nyumbani na darasani,” alisema Mapua, machozi yakimtiririka. “Ni wa bajaji yetu. Nimesema uongo leo, daktari. Nimewaambia watu wote kwamba si wa bajaji, wakanipigia makofi.”

Baba aliweka mkono kwenye bega la bintiye.

“Uongo ni wangu,” alisema. “Huyu nilimbebesha tu.”

Mama alipofika kukaa na mtoto, baba alirudi kwa miguu mpaka shuleni ilikobaki bajaji. Hakuiwasha. Alikwangua stika kwa kisu mbele ya macho ya kituo kizima.

“Una wazimu?” mwenyekiti alimkaripia. “Unataka kutuuza?”

“Sitamtaja mtu. Nakwenda kusema langu.”

“Ukisema lako umesema letu!”

“Basi kumbe unajua,” baba alimjibu, akaanza kuisukuma bajaji kuelekea kwa mkaguzi.

Mama Betri alimsaidia kusukuma, na njiani akamwambia, “Shemeji, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Bora umeivua mwenyewe.” Baba alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mkaguzi aliposikia, uso ulimshuka. Alikuwa akipima vibao, si injini, na alijua kosa lake. Kesho yake alifika kituoni na wenzake, wakapima upya kila bajaji huku wakisoma namba iliyochongwa kwenye injini yake, na ya mwenyekiti peke yake ndiyo iliyofaulu. Stika zote zikabanduliwa. Mwenyekiti, aliyeazimisha bajaji yake, alinyang’anywa leseni kwa muda, na madereva wakachagua mwingine. Yeye na wenzake wachache walimwita baba msaliti, na wapo waliomtemea mate miguuni. Hilo liliuma. Wiki zile baba alibeba mizigo sokoni kwa mkokoteni, na nyumbani mboga ilipungua. Mama alishona mpaka vidole vikaota sugu.

Mapua naye alikuwa na mzigo wake. Jumatatu, wanafunzi walipopanga mistari, aliomba ruhusa, akapanda jukwaani na kamusi.

“Nilishinda kwa uongo,” alisema. “Moshi ulikuwa wa bajaji, na nilijua. Wakili aliuliza swali la haki.”

Kuna waliomzomea. Mwalimu wa Kiswahili aliipokea kamusi, akampa Wakili, wala hakumbembeleza Mapua. Alimwambia tu, “Rudi mstarini. Mdahalo ujao utazungumza tena.” Wakili alisogea, akampisha nafasi kando yake.

Fundi alipoifungua injini ya baba, Mapua alikuwepo. Pistoni ilikuwa imevaa masizi mazito yenye kunata, na ringi zimelika. Fundi aliyachokoa kwa bisibisi yakadondoka mabonge mabonge, yananuka kama kitu kilichokufa. Ptuu! Mapua alitaka kukimbia, lakini alibaki, akashika kopo la takataka mpaka kazi ikaisha. Oili chafu hawakuimwaga mtaroni, waliitia kwenye dumu wakaipeleka inakokusanywa.

Safari hii bajaji ilipimwa ikiwa na kibao chake. Mkaguzi aliinama akasoma namba ya injini, akachomeka kifaa, akasubiri. Kisha akabandika stika kwa mkono wake mwenyewe. Kituo nacho kilihamishwa mbali na darasa la kwanza, na kifua cha mdogo wake Mapua kikaanza kupona.

Baba na binti walikaa kwenye bajaji pale uwanjani, hawana haraka.

“Baba,” Mapua aliuliza, “sasa bora ipi? Ya umeme au ya petroli?”

“Mimi nikijaliwa nitanunua ya umeme, usiniulize mara mbili,” alijibu baba. “Lakini mwanangu, ningekuwa nayo ya umeme na roho yangu ile ile, ningekwenda kutupa betri yake mtoni. Chombo hakijisafishi. Sheria nayo haijishiki mkono. Anayeishika ni mtu.”

Alikuna kidevu.

“Unajua kilichonichukiza zaidi? Siku ile nyuma ya ghala nilijiona mjanja. Nilidhani nimemdanganya mkaguzi. Mkaguzi jioni alifunga ofisi akaenda kwake mbali, hakuvuta hata chembe ya moshi wangu. Niliyemdanganya ni mdogo wako, ndiye niliyemrudishia moshi kitandani.”

Mapua alimshika baba mkono, ule wenye sugu za mkokoteni, wakakaa hivyo mpaka dereva aliyefuata foleni akawapigia honi wampishe.