Alichokata Baba Pacha

Baba Pacha na mkewe walikuwa wafugaji wa chaza. Walikuwa na vikapu sitini vya wavu, vimepangwa juu ya mchanga, pale ambapo maji yakitoka hubaki ya magotini. Kila maji yalipotoka, walishuka pamoja. Mama Pacha alisugua vikapu kwa brashi. Baba Pacha aliwageuza chaza mmoja mmoja huku akiwasemesha.

"Nenepeni, jamani. Mnanitia aibu mbele za watu."

"Mabinti zako mwenyewe huwabembelezi hivyo," alisema mkewe, akacheka.

Siku moja Baba Pacha alifungua kikapu, kicheko kikamkauka mdomoni. Chaza kumi na mmoja walikuwa wazi. Ndani hamkuwa na nyama hata chembe. Magamba yalikuwa meupe, safi, kama sahani zilizooshwa. Juu yao kilikaa kiti cha pweza, kile kiumbe cha bahari chenye umbo la nyota, cha rangi ya chungwa, mikono yake mitano imenyooka, kimetulia kama mgeni aliyeshiba.

"Kumbe ni wewe!" alifoka Baba Pacha. Alichomoa kisu, akakikata katikati, akavitupa vipande majini. "Nenda ukale mchanga sasa!"

Tangu siku hiyo alikata kila alichokiona. Majirani nao wakakata. Miezi mitano ilipita. Ajabu ni kwamba viti vya pweza havikupungua. Vilizidi. Sasa kila kikapu kilikuwa na magamba matupu.

"Mume wangu," alisema Mama Pacha, "msimu huu tukitoka mikono mitupu, mimi bahari basi."

Baba Pacha alijua mkewe hatishii.

Wakati huo walikuwa wamempangisha mtafiti chumba cha uani. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa bahari. Mtaa mzima ulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Alasiri moja alimkuta Baba Pacha akiosha kisu chake bombani.

"Leo nimekata ishirini na vitatu," Baba Pacha alijisifu. "Viti vya pweza havinijui mimi!"

Daktari aliweka mkoba wake chini. "Na vipande unavipeleka wapi?"

"Navizika baharini."

"Unavizika, Baba Pacha, au unavipanda?"

Baba Pacha alidhani anataniwa. Lakini kesho yake aliongozana na mkewe hadi kituoni. Chumba kilikuwa na matangi ya kioo, na pampu zilizonguruma bila kupumzika. Daktari aliwaonyesha tangi la mwisho. Humo mlikuwa na kiti cha pweza chenye mikono miwili mikubwa na mitatu midogo kama njiti za kiberiti. Pembeni yake kilikuwapo kingine, chenye mikono mitatu mikubwa na miwili midogo.

"Hivi vilikuwa kimoja," alisema Daktari. "Kilikatwa katikati. Kipande kikibaki na sehemu ya kutosha ya kitovu cha mwili, kinaweza kuota mikono mipya. Kinachukua miezi mingi, lakini kinaota."

Baba Pacha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alihesabu miezi kwa vidole.

"Mama Pacha," alisema taratibu, "mimi ndiye niliyekuwa navizalisha."

"Mimi sijasema kitu," mkewe alijibu.

Daktari aliingiza chaza kwenye tangi jingine. Kiti kizima cha pweza kilimsogelea pole pole, kwa mamia ya miguu midogo iliyo chini ya mikono yake.

"Hakina ubongo kama wetu," alieleza Daktari. "Hakina damu pia. Maji ya bahari ndiyo yanayosukuma miguu hiyo. Na ncha ya kila mkono ina jicho dogo."

"Macho matano!" alisema Mama Pacha. "Na ubongo hakuna!"

Kiti cha pweza kilimkumbatia chaza na kuanza kumvuta. Walingoja muda mrefu. Hatimaye chaza alichoka, akaachia mwanya mwembamba kama karatasi. Hapo kiti cha pweza kilitoa tumbo lake nje ya mwili, kikalipenyeza mwanyani na kuanza kula.

Baba Pacha alisimama. "Kinatoa tumbo nje? Mimi nikila nimesimama tu nagombezwa!"

Alicheka, lakini hakuondoa macho kwenye kioo. Hasira yote ilikuwa imemwisha.

"Basi tuviue vizima vizima?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapana. Kwenye miamba ya jirani tuliwahi kuviondoa vyote, tukahesabu viumbe kwa miaka mitatu. Kome, ambao nao ni chakula chake, walijaa kila mahali. Wanyama wengine wakakosa nafasi. Kiti cha pweza kina kazi yake, mama. Kibaya ni pale mlipoweka vikapu. Hiki hakiogelei, kinatambaa tu. Ninyi mmekiandalia mezani."

"Tufanyeje, mwanangu?" aliuliza Baba Pacha.

"Simamisheni nguzo, fungeni kamba, mning'inize vikapu visiguse mchanga. Ila watoto wake ni wadogo mno, huelea na maji na kuingia kikapuni. Kagueni kila wiki. Mkikuta kimoja, kitoeni kikiwa bado kidogo kama ukucha. Msikikate. Kipelekeni miambani, mbali na chaza."

Kufunga kamba kulichukua siku tisa. Viganja vya Mama Pacha vilichubuka, na Baba Pacha alianguka majini mara mbili. Majirani walitazama, wakauliza, kisha nao wakaleta nguzo zao.

Msimu wa mavuno ulipofika, vikapu sita tu kati ya sitini vilikuwa na magamba matupu, tena machache. Chaza walikuwa wanene. Mama Pacha alifungua mmoja, akamtazama mumewe, akatabasamu. Tayari alikuwa ameagiza nyavu za vikapu ishirini zaidi.

Baba Pacha alianza kumsaidia Daktari kuhesabu viti vya pweza kwenye miamba. Mwanzoni alikwenda kwa heshima. Baadaye alikwenda kwa mapenzi. Siku moja alikuwa amepiga magoti majini, akitazama ncha ya mkono mmoja mwekundu, pale jicho lilipo.

"Baba Pacha!" mkewe aliita kutoka ufukweni. "Mnunuzi amefika!"

"Mwambie angoje kidogo," alijibu bila kugeuka. "Hiki hapa kinanitazama."